Fundi wa gesi sio muuza mitungi

Mhariri, mimi ni mtu wa Tabora, fundi mitambo kwenye kiwanda cha kusafisha gesi asilia huko Mtwara, na kila nikija likizo nyumbani naulizwa bei ya mtungi, jamani! Gesi ya mitungi inaagizwa nje na ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, hii yetu ya Mnazi Bay ni nyepesi inapanda juu, tunaiondolea maji halafu inaingia bomba la inchi 36 mpaka Dar, lile lililokamilika 2015.

Na kazi yenyewe sio kushika spana tu. Kabla hujagusa flanji, yaani pale mabomba mawili yanapounganishwa kwa bolti, valvu zifungwe zipigwe kufuli, ufunguo unakaa nao wewe mwenyewe (hata bosi humpi), presha itoke yote, halafu upime kwa mashine maana gesi ikitoka kisimani haina ile harufu ya kukushtua. Kurudishia ndo usiseme, gasketi mpya, bolti unakaza kwa kupishanisha pande, kidogo kidogo, ukikimbilia upande mmoja imekula kwako.

Sasa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima kwenda Tanga linapita Nzega na Igunga hapa kwetu, na vijana wetu wa gereji wanafungua injini ya Fuso wamefumba macho. Vyuo vya ufundi vya mkoa vianzishe basi hata kozi fupi za valvu, pampu na kompresa, mbona uwezo wanao.

Fundi, Tabora