Barua kwa mwanangu: kesi ya kijito cha Scranton

Mwanangu,

Marahaba mama, sisi wazima huku. Ile kesi ya Pennsylvania Coal Company na mama Sanderson uliyoniuliza nimeisoma na bado inaniwasha.

Familia hiyo ilinunua ardhi Scranton, Pennsylvania, mwaka 1868, na kilichowavuta ni kijito cha Meadow Brook maji masafi kabisa, wakajenga nyumba, wakatengeneza bwawa la samaki, wakavuta maji mpaka ndani. Baadae kampuni ikafungua mgodi wa makaa ya mawe kule juu. Mgodi ukishuka chini unajaa maji, sasa wao wakawa wanayapampu yanatoka nje yanateremkia kijitoni, na maji ya mgodi wa makaa yana asidi, kwenye ile miamba kuna madini ya chuma na salfa yakikutana na hewa na maji ndo yanakuwa hivyo. Basi samaki wakafa, mabomba yakaliwa, wenyewe wakaacha kuyatumia.

Wakashtaki. Mwaka 1878 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikasema huyu mama anayo kesi, irudi ikasikilizwe, ikarudi ikapanda tena na tena, mara ya nne ni 1886 na safari hiyo majaji waliogawanyika wakamgeuka, hata senti asipewe. Jaji Clark akaandika kwamba kampuni imetumia ardhi yake kwa matumizi ya asili, na usumbufu mdogo wa mtu mmojammoja kuna wakati lazima upishe mahitaji ya jamii kubwa. Usumbufu mdogo! Mtu kapoteza maji ya nyumbani kwake bana.

Lakini hapo kwenye "asili" ndo ukae sana, maana kesi yote imelala hapo. Kuna ile Rylands na Fletcher ya Uingereza, nayo ya 1868, kwamba ukileta kitu cha hatari kwako kikatoroka kikamwumiza jirani unalipa. Clark aliijadili akaikataa, kampuni haikuleta maji yalikuwepo tayari ardhini, na tuwe wakweli hapo wana kahoja. Ila maji yaliyoko chini ya shimo hayapandi juu yenyewe, yamepandishwa na pampu, na pampu haikuota pale kama uyoga. Kwangu mimi asili inaishia kwenye mdomo wa ile pampu.

Na usidhani ilikuwa ya siku moja, hata sheria ya kulinda mito waliyotunga huko 1937 iliyaacha maji ya migodi ya makaa nje mpaka 1965.

Ukiandika kazi yako usianzie 1886, wenzako wengi wataanzia hapo. Anza na ya 1878, ziweke pamoja halafu niambie lile swali la pampu limejibiwa wapi, mi nimetafuta sikuridhika. Mama yako anasema hela ya hosteli anatuma Ijumaa, usimpigie pigie.

Baba