Waziri aliye mbunge anamsimamia nani?

Mhariri,

Juzi kijiweni kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ilipoa vikombeni kwa ubishi. Kijana mmoja alishikilia kwamba Rais si sehemu ya Bunge. Mzee mmoja, fundi cherehani, akavaa miwani na kumfungulia Katiba ya 1977 kwenye simu, Ibara ya 62: Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Kimya. Aliyecheka ni muuza kashata tu.

Ibara ya 4 inagawa kazi: utendaji, kutunga sheria, kutoa haki. Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki, hapo sina neno. Kinachonikera ni Ibara ya 55, inayotaka mawaziri wateuliwe miongoni mwa wabunge, ilhali Ibara ya 63 inalikabidhi Bunge hilohilo kazi ya kuisimamia Serikali. Jirani zetu Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Uingereza wanachanganya kama sisi, sawa. Lakini mbunge anayeutamani uwaziri atauliza swali kali kweli? Fundi anasema hathubutu. Kijana anasema wapo wanaouliza. Jioni tunaendelea.

Mnywa kahawa,
Ngamiani, Tanga