Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: unene nao utibiwe

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Chake Chake. Mtu mwenye unene uliopindukia hapa kwetu hana pahala pa kutibiwa unene wenyewe. Akishapata sukari hupewa kadi ya kliniki, presha ikipanda hupewa vidonge. Kabla ya hapo huambiwa apunguze kula, kisha hurudi nyumbani.

Dada yangu alikwenda kituo cha afya kwa maumivu ya magoti. Akasemwa unene wake mbele ya watu, na tangu siku hiyo hataki kukanyaga tena. Badala yake alinunua kwa mtu wa kwenye simu chai ya kupunguza tumbo, pakiti haina hata jina la kiwanda. Ilimharisha mpaka akalala kitandani. Namsemea yeye, na wengi walio kama yeye.

Mheshimiwa, Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene huu kuwa maradhi sugu. Kuutambua si kazi kubwa: unagawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu likifika 30, huyo ahudumiwe. Mwenye urefu wa mita 1.60 hufika hapo akiwa na kilo 77 hivi. Mafuta ya tumboni huizuia insulini, kichocheo cha mwili kinachoshusha sukari ya damu, isifanye kazi sawasawa, ndipo sukari inapopanda. Mafuta hujaa hata kwenye ini. Unene hukata pumzi usingizini, na kwa wanawake huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba, jambo ambalo sijapata kusikia tukielezwa kliniki.

Wala si lazima mtu awe mwembamba. Wa kilo 100 akipunguza kilo 5 mpaka 10 tu, presha na sukari huanza kutengemaa. Wapo watakaofika kwa chakula na kutembea, wakipata mtaalamu wa lishe anayezijua sahani zetu za wali na muhogo, na chai yetu ya sukari tele. Wengine watajitahidi na hawatafika, kwa sababu mwili ukipungua huzidisha njaa ili uurejeshe uzito wake. Kuwaita hao walafi ni dhulma.

Dawa zipo. Sindano ya semaglutaidi, inayochomwa mara moja kwa wiki, katika utafiti uliochapishwa 2021 ilipunguza uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Huleta kichefuchefu, mjamzito haimfai, ukiiacha uzito hurudi, na bei yake ni kali. Hata hivyo, Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa sukari wenye unene na maradhi ya moyo au figo. Naomba Mfuko wa Huduma za Afya uanze kuwalipia hao. Kwa waliozidiwa kabisa upo upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo. Daktari ajue wapi pa kuwapeleka.

Tunaomba siku moja kwa wiki iwe ya kliniki ya uzito, katika hospitali za Mnazi Mmoja huko Unguja na Abdalla Mzee hapa Pemba, na mizani iwekwe nyuma ya pazia. Wakala wa Chakula na Dawa nao wazifuatilie chai hizo. Pemba tusiwe wa mwisho, maana nauli ya boti kwenda Unguja peke yake humkatisha mtu tamaa ya matibabu.

Wako mwananchi,
Chake Chake, Pemba