Perpetua na Felisita wasipitwe kimya

Mhariri,

Machi 8 tunashona sare na kuchangia keki ya Siku ya Wanawake. Sina ugomvi na keki. Ila Machi 7 Kanisa huwakumbuka Perpetua na Felisita, mashahidi waliouawa Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203, na parokiani kwetu hupitwa kwa sentensi moja.

Perpetua alikuwa na miaka kama 22, mtoto wa watu wenye hadhi, ananyonyesha. Baba yake alimsihi aikane imani. Perpetua akamwonyesha baba chombo kilichokuwa karibu, akamuuliza kama chaweza kuitwa jina jingine. Vivyo hivyo, akasema, yeye ni Mkristo, hana jina jingine. Felisita, mtumwa, alijifungua gerezani siku chache kabla ya kutupwa kwa wanyama. Mtoto wake alilelewa na mwanamke Mkristo.

Muungwana na mtumwa wakafa uwanja mmoja. Sisi tunagombea viti vya mbele! Akina mama wa jumuiya, mwaka ujao pesa ya keki tuipeleke kwa wafungwa wenye watoto wachanga. Mimi nitaanza na sabuni na nepi.

Mama wa jumuiya,
Morogoro