Harambee ya punda wawili kwa watoto wetu wenye usonji

Ndugu wazazi, majirani na wana Tabora wote, mlio hapa na mlio mbali,

Tunaomba mtuchangie shilingi 2,450,000 ili watoto wenye usonji wa kitengo chetu cha elimu maalumu waanze mazoezi ya kupanda na kutunza punda. Ulaya na Marekani kazi hii hufanywa kwa farasi. Kwetu kuna mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, humuua farasi upesi. Punda huistahimili zaidi, tena akishtuka husimama akaganda badala ya kutimka. Kwa mtoto anayepiga ukelele ghafla, tabia hiyo ni hazina.

Punda haponyi usonji, asiwadanganye mtu. Lakini utafiti wa Marekani wa 2015, kwa watoto zaidi ya 100 na kwa wiki 10 za kupanda farasi, ulionyesha hasira na kuhangaika vikipungua, na maneno yakiongezeka.

Kipindi ni nusu saa, mpangilio uleule kila siku, kwa picha ukutani: kusalimia, kupiga brashi kuanzia begani, kupanda, kushuka, kumpa majani. Mtu mmoja anashika kamba, wawili wanatembea ubavuni. Punda huvimbisha tumbo anapofungwa mkanda wa tandiko. Akienda hatua chache mkanda unalegea, tandiko linazunguka, mtoto yuko chini. Kwa hiyo atembezwe kwanza, mkanda ukazwe tena, ndipo mtoto apande. Kofia ngumu wengi huikataa kwa sababu ya kamba ya kidevuni. Wazazi wataizoesha nyumbani, dakika 5 kila jioni. Aliyezidi kilo 50, au mwenye kifafa kisichotulia, hatapanda: atapiga brashi na kumwongoza punda.

Kwa nini wawili? Punda mpweke hunyong'onyea akasusa kula, na akisusa mafuta humjaa kwenye damu, akafa kwa siku chache. Tunataka majike au waliohasiwa, miaka 5 na zaidi, wasio na vidonda vya mzigo mgongoni.

Punda wawili ni 800,000, zizi 650,000, matandiko, kofia 4 na brashi 400,000. Zinazobaki 600,000 ni za mwaka mzima: kuchonga kwato kila baada ya wiki 6 hadi 10, dawa ya minyoo, chanjo ya pepopunda, na daktari wa mifugo kupima damu. Fungu hili tafadhali msilipunguze. Sindano ya kutibu nagana wanayochomwa ng'ombe, kipimo chake kikikadiriwa kwa macho tu, huweza kumuua punda.

Michango na ahadi zinapokelewa na mweka hazina wa kamati, ofisini shuleni, kwa risiti. Mwenye bati zilizotumika, nguzo au nyasi kavu alete asubuhi yoyote ya siku za kazi.