Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kazi ya seva

Wanangu,

Wiki hii pekee mmenijia watatu kuniuliza ada ya kozi ya usimamizi wa seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Mmoja ametajiwa bei inayozidi ile ya kompyuta yenyewe ya kujifunzia. Asilipe. Aende kwanza Kariakoo akatafute laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Ikiwa na ufa kwenye kioo bei hushuka, na seva haina haja ya kioo kizuri.

Pakueni Debian, mfumo wa bure wa jamii ya Linux unaoendesha kompyuta, kwa bando la usiku; faili la kuanzia halifiki GB 1. Wekeni VirtualBox, ambayo ni ya bure, na humo mtengeneze mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya laptopu yenu, zisizo na madirisha wala kipanya. Moja itoe tovuti, nyingine itunze majina ya mashine na anwani zake, yaani DNS, kisha zisemezane. Mkikwama kwenye amri, andikeni man na jina la amri hiyo. Maelezo yamo humohumo kwenye mashine, hayali bando. Ni makavu kama muhogo wa jana, lakini ndiyo yaliyonisomesha.

Halafu haribuni. Jazeni diski mpaka seva igome. Ipotezeni nywila ya root, yule mtumiaji mkuu wa mashine. Futeni fstab, faili linaloiambia mashine diski zake zifunguliweje, muone inavyoshindwa kuwaka sawasawa. Itengenezeni bila kuweka Debian upya, na kila hatua iandikwe daftarini kwa mkono.

Bekapu, yaani nakala ya akiba, sasa. Nilipokuwa mgeni kazini nilifuta barua pepe za ofisi nzima. Bekapu ilikuwa ikifanyika kila usiku, ila hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha, mimi nikiwemo. Tulipoifungua, tupu! Basi msiniambie mna bekapu. Niambieni mliirudisha lini mara ya mwisho.

Seva za watu msiziguse bila ruhusa, hata kwa kuchungulia tu. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na "nilikuwa najifunza" haitawatoa polisi.

Cheti? Linux Professional Institute wameweka masomo ya Linux Essentials bure kwenye tovuti yao. Kinacholipiwa ni mtihani. LPIC-1, cheti chao cha juu ya hicho, ina mitihani miwili, hiyo isubiri mshahara.

Na kama shule ya kata jirani yenu ina kompyuta zilizofunikwa vitambaa, mwombeni mkuu wa shule awaachie mzifufue.

Jumamosi baada ya alasiri nipo kibarazani. Njooni na daftari.

Mzee wenu