Kabla ya kununua draiva mpya, tazameni mkono wa kushoto

Mhariri,

Kila baada ya mashindano ya gofu ya mwisho wa wiki, kurasa zenu za michezo hutueleza nani kashinda, kwa mikwaju mingapi, na kabeba kombe gani. Jumatatu yake wachezaji wa ridhaa wanaanza kuulizana bingwa alitumia draiva (ile fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza) ya aina gani, na wiki haiishi kabla mmoja wao hajatoa milioni na ushee kununua inayofanana nayo. Jumamosi mpira unakata kulia vilevile na kuishia mitini. Naomba nafasi nieleze sababu. Nitamzungumzia mchezaji wa mkono wa kulia. Wenye shoto wageuze.

Mpira wa gofu unatii mambo mawili: uso wa fimbo ulielekea wapi ulipougusa, na fimbo yenyewe ilikuwa inapita njia gani. Uso ndio unaoamua, kwa sehemu kubwa, mpira uanzie upande upi. Tofauti kati ya uso na njia ndiyo inayoupinda ukiwa hewani. Miaka mingi ilifundishwa kinyume, kwamba njia ndiyo inayouanzisha mpira na uso unaupinda mbele ya safari. Mashine za rada zilipoanza kupima, ikaonekana sivyo. Kwa hiyo anayetaka kujua ugonjwa wake asihangaike na mahali mpira ulipoangukia, aangalie ulikoanzia. Ukianzia kulia kwa shabaha na kuzidi kwenda kulia, uso ulikuwa wazi, na mara nyingi kosa liko kwenye mshiko. Ukianzia katikati au kushoto kisha ukarudi kukata kulia, kosa liko kwenye njia: fimbo inatoka nje na kuvutwa ndani, kuelekea miguu yako.

Kuna chanzo cha tatu ambacho wengi hawakijui. Draiva ikigonga mpira kwa upande wa kisigino, yaani karibu na shingo, pale mpini unapoungana na kichwa cha fimbo, kichwa hujipindua kidogo na kuuzungusha mpira uende kulia hata kama uso na njia vilikuwa sawa. Kipimo chake ni poda ya kawaida ya mtoto. Pakaza uso wa draiva, piga mipira mitano, kila mmoja utaacha alama. Alama zikirundikana kisiginoni, usibadili mshiko kwanza; rudi nyuma nusu hatua, uzito uwe katikati ya nyayo na si kwenye vidole, kisha upige mitano mingine. Wapo wanaoteseka miezi na masomo ya mshiko kumbe walisimama karibu mno na mpira.

Sasa mkono wa kushoto. Anayeanza gofu hushika fimbo kama mpini wa jembe, mpini ukalala katikati ya kiganja. Kwa jembe ni sawa, maana linainuliwa na kushushwa tu. Fimbo ya gofu inatakiwa ijigeuze yenyewe inapofika kwenye mpira, na kiganja kilichofumbata hakiachii mgeuko huo. Fimbo ilale kwenye vidole: ianzie kwenye pingili ya kati ya kidole cha shahada, ivuke mpaka kwenye shina la kidole cha mwisho, na lile tuta la nyama chini ya kidole cha mwisho likae juu ya gripu, ule mpira uliovikwa mpini, si pembeni. Ukiinamisha macho, uone vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kushoto, hata vitatu kama unakata sana. Ukiona kimoja tu, umeshapata jibu. Ile V kati ya gumba na kidole cha shahada ielekee bega la kulia, si kidevuni. Mkono wa kulia uje juu yake, mfereji wa kiganja ukifunika gumba la kushoto.

Mshiko huu mpya utauma na utaonekana wa kijinga kwa wiki mbili. Mpira utakwenda kushoto mara kadhaa, na hapo ndipo wengi huurudia ule wa zamani wakisema haufai. Kwenda kushoto ni dalili kwamba uso umeanza kufunga. Nguvu ya kushika iwe kama nne ukihesabu mpaka kumi. Mishipa ya mkono ikisimama, vifundo vya mikono vimefungwa na uso utabaki wazi.

Kwa wale ambao njia ndiyo mbovu, chanzo huwa ni huruma ya kujisaidia. Mtu akiona mpira unakwenda kulia, anageuza mwili kushoto ili kufidia. Mabega yakielekea kushoto, fimbo nayo inapita kushoto, na mpira unazidi kukata. Laza fimbo mbili chini: moja ikielekea shabaha, ya pili sambamba nayo kwenye ncha za viatu. Mpira wa draiva uwe mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto kwa ndani. Wa ayoni 7, yaani fimbo ya chuma, uwe karibu na katikati ya miguu. Mpira wa draiva ukiusogeza mbele kuliko hapo, mabega yatafunguka yenyewe ili yaufikie. Bega la kulia liwe chini kidogo kuliko la kushoto, na tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, iwe na kimo cha kuacha nusu ya mpira juu ya kichwa cha fimbo.

Zoezi lake ni boksi tupu, hata la viatu. Liweke upande wa mbali wa mpira, sentimita 10 kutoka ulipo na nyuma yake kidogo, halafu piga bila kuligusa. Fimbo inayotoka nje italirusha. Anza na nusu swingi, yaani nusu ya mzunguko wa kupiga, mikono isipite usawa wa kiuno kwenda wala kurudi, miguu ikiwa imekaribiana, kwa weji (ayoni fupi yenye uso uliolala sana) au ayoni 9. Fimbo inaposhuka, uzito utangulie kuhamia mguu wa kushoto ndipo mikono ifuate; mabega yakitangulia, boksi limeondoka. Mipira 30 ya namna hiyo ina faida kuliko ndoo mbili za draiva.

Nije kwenye vifaa, maana sikusema havina maana. Mtu yuleyule hupiga ayoni 9 ikanyooka na draiva ikakata. Kosa ni lilelile. Ayoni 9 ina mlazo mkubwa wa uso, hivyo mpira unazunguka sana kurudi nyuma na ule mzunguko wa pembeni unamezwa. Draiva yenye mlazo wa digrii 9 haina cha kumeza. Ndiyo sababu anayeanza anunue ya digrii 10.5 au 12, na wala asione aibu kuanzia shimo kwa fimbo ya mbao namba 3 yenye digrii 15. Urefu nao: draiva nyingi za madukani zina inchi 45.5, na fimbo ikizidi kuwa ndefu, kuugonga mpira katikati ya uso kunazidi kuwa kugumu. Kabla ya kuikatisha kwa fundi, shika inchi moja chini ya mwisho wa gripu kwa raundi kadhaa, uone poda inasemaje.

Kanuni zinaruhusu fimbo 14 begani. Anayejifunza zinamtosha 9, na fedha inayobaki aitumie kwenye gripu na mwalimu. Gripu ikikauka huwa inang'aa na kuteleza, mkono unajibana bila mwenyewe kujua, na yale ya vifundo kufungwa yanarudi palepale. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi, kisha ifute. Isiporudi kushika, ibadilishe. Kwa unene, funga mkono wa kushoto juu yake: ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kwa mbali tuta la gumba. Zikichimba nyama, gripu ni nyembamba; ukibaki mwanya, ni nene, na gripu nene huchelewesha mikono kujigeuza.

Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi kwa fimbo. Pasua ya zamani kwa kisu chenye ncha ya ndoano, ukikata kuelekea mbali na mwili. Kisu cha kawaida kikichana shafti (ufito wa fimbo) ya grafaiti, fimbo hiyo itakuja kuvunjika siku moja. Bandua gundi yote. Zungushia gundi ya karatasi yenye kunata pande mbili, uache nusu inchi ipite mwisho wa shafti, uisokote na kuisukuma ndani ya tundu. Ziba kitundu cha gripu mpya kwa tii, mimina tapentaini ndani, itikise, imwage juu ya gundi ili iloe yote, kisha sukuma gripu kwa mwendo mmoja bila kusita. Ukisitasita inakwama nusu njia na huitoi tena bila kuikata. Nyoosha mchoro wake na uso wa fimbo mara moja, iache ilale mpaka kesho. Thina usitumie, inakula rangi ya shafti. Petroli watu wanaitumia, lakini kwenye chumba chenye jiko ni hatari.

Kwa wanunuzi wa mitumba, na ndio wengi wetu, nendeni na vitu viwili mfukoni: rula ya chuma na sumaku ndogo. Uso wa draiva una mgongo, umebinuka kidogo pande zote. Ukiweka rula ikalala bapa au ikaonyesha bonde katikati, uso umebonyea na draiva hiyo imekufa, hata ing'ae vipi. Kichwa kilichoandikwa titani kikivuta sumaku pahali pasipo skrubu wala uzani wa chuma, ni bandia. Tikisa kichwa karibu na sikio. Kipande cha gundi kinachogongagonga ndani ni shida ndogo, lakini kichwa kinachozunguka kwenye shafti ukikipindisha kwa mkono usikinunue. Angalia ule mkanda mweusi shingoni, kama umepanda juu na kuacha mwanya, shafti inachomoka. Kwenye ayoni tazama soli, yaani chini ya kichwa: ikiwa imelika zaidi upande wa kisigino, fimbo imesimama mno kwa aliyekuwa nayo na itampeleka kushoto. Hiyo inapindishika kwa fundi mwenye mashine, si kwa nyundo.

Viwanja vyetu navyo vina mambo yake. Majani ya kikuyu, ambayo yametoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na leo yanawasumbua watu hata kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles, yanashika shingo ya fimbo na kuufunga uso ghafla. Mpira ukizama humo, acha ayoni ndefu. Chukua weji, fungua uso kidogo, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto kuliko kawaida, na utoke tu. Na anayetoka Nairobi, kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenda kucheza Nyali, Mombasa, ajue hewa nzito ya pwani inabana: yadi 150 alizozoea zinakuwa kama 141. Hewa hiyohiyo inaupa mzunguko wa pembeni nguvu zaidi, hivyo mpira uliokata yadi 15 Muthaiga, Nairobi, utakata zaidi akiwa Mombasa, na atadhani swingi imeharibikia barabarani.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkiandika tena mikwaju ya bingwa, muulizeni na draiva yake ina digrii ngapi, inchi ngapi, na mara ya mwisho alibadili gripu lini.

Msomaji wenu,
Arusha